Mashine ya Sahani ya Abner Ombui

Abner Ombui aliondoka nyumbani asubuhi kwenda Kisii kumnunulia mkewe charahani, akarudi jioni na kitu ambacho hakuna mtu katika kilima kizima aliyeweza kukitaja jina.

Kilikuwa pipa jeupe la bati lenye miguu mifupi, kifuniko juu, bomba dogo chini, na ubavuni mkono wa chuma wa kuzungushia. Lori lilikishusha sokoni Ikonge. Kutoka hapo wanaume walikifunga kwenye mti, wakauweka mti mabegani, wakakipitisha katikati ya mashamba ya kahawa kama watu wanaomrudisha nyumbani ndama aliyevunjika mguu. Abner alitangulia akisukuma baiskeli yake. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Mong'ina, mkewe, alitoka mlangoni akifuta mikono kwenye leso. Tangu mavuno ya kahawa yaliyopita alikuwa anangoja charahani. Mahali pake alikwisha kupafagia, chini ya dirisha penye mwanga, na wanawake wenzake wa kanisani alikwisha kuwaambia kwamba mwaka huu wa 1954 nguo za wanawe hazitashonwa na mtu mwingine.

"Baba Ondieki," alisema, "hicho ni nini?"

Abner alivua kofia yake, akajifuta jasho polepole kama mtu anayetafuta maneno ndani ya kitambaa.

"Hiyo, Mama Ondieki, ni mashine ya kuosha vyombo."

"Ya kuosha nini?"

"Vyombo. Sahani, vikombe, vijiko. Unapanga ndani, unatia maji, unazungusha mkono, vinatoka safi. Nilipokuwa kule Kisii niliwaza: mke wangu anaosha vyombo asubuhi, anaosha mchana, anaosha jioni, mpaka vidole vyake vimekuwa kama mizizi. Nikasema, hapana. Charahani inaweza kungoja. Mikono ya mke wangu haiwezi."

Yalikuwa maneno mazuri. Wale wabebaji walitikisa vichwa, na mmoja wao, Omwenga wa shamba la jirani, akasema kwamba yeye hajawahi kumwaza mke wake namna hiyo hata akiwa mgonjwa. Mong'ina alitazama vidole vyake. Havikuwa kama mizizi.

"Charahani zilikuwepo?" aliuliza.

"Zilikuwa mbovu," Abner akajibu, akaingia ndani kunywa maji.

Ni vizuri kusema Abner alikuwa mtu wa namna gani, maana bila hivyo yaliyofuata hayaeleweki. Alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, mkulima hodari wa kahawa, na mtu wa kwanza upande ule kuezeka nyumba kwa mabati. Hakunywa pombe, hakugombana na mtu juu ya mipaka, hakupiga kelele. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: hakuweza kuvumilia kuchekwa. Kama angejikwaa njiani, angeinama alitazame lile jiwe kwa makini, ili watu wafikiri alisimama kwa makusudi.

Swali la kwanza lilikuwa mashine iwekwe wapi. Mong'ina alisema jikoni, kwa sababu ndiko vyombo viliko. Lakini jikoni mwanamume mzima haingii, na Abner hakukubali mashine yake ikaguswe na watu wasioijua. Basi ikawekwa verandani, mbele ya nyumba, mahali ambapo kila apitaye njia ya kisimani angeiona.

Bitutu, mama yake Abner, alihamisha kigoda chake akaketi kuitazama. Alikuwa mwanamke mzee mwenye macho makali, na mapito ya machifu na wamisionari alikuwa ameyaona mengi.

"Ina nini tumboni?" aliuliza.

"Ina gurudumu, baba," alisema Abner, maana kwa Ekegusii mama ndiye huitwa baba. "Gurudumu linarusha maji, maji yanapiga sahani."

"Sahani zimekosa nini mpaka zipigwe?"

Abner alijifanya hakusikia. Alipanga sahani za chakula cha jioni kwenye kitundu cha waya, akamimina maji, akafunga kifuniko, akaanza kuzungusha. Mashine ilinguruma vizuri. Alizungusha mpaka shati likamganda mgongoni. Alipofungua, sahani zilikuwa zimelowa, na obokima, ule ugali mweusi wa wimbi, ulikuwa umekaa juu yake vilevile kama ulivyowekwa, isipokuwa sasa uling'aa.

"Maji ni baridi," alisema Abner.

Wakachemsha maji. Ugali ukapata joto, lakini haukutoka.

"Ni sabuni," alisema Abner. "Mashine ya Kizungu inataka sabuni."

Alichukua mche mzima wa sabuni ya kufulia, akaukata vipande vidogo kwa kisu, akavitia vyote ndani. Abner alizungusha. Kwanza povu lilichungulia chini ya kifuniko. Kisha likashuka ubavuni, likatambaa verandani, likaifikia miguu ya kigoda cha Bitutu. Bitutu, aliyekuwa amesinzia, alifumbua macho akaona weupe unapanda, akapiga ukelele kwamba maziwa yanafurika na hakuna mtu wa kuepua. Kuku walikimbilia shambani. Povu lilikaa uani mpaka giza likaingia, na sahani Mong'ina alizimalizia mwenyewe ndani ya karai, kwa mkono, akizisuuza tena na tena kwa sababu ya utelezi.

Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini Sabato iliyofuata, baada ya ibada, watu walipokuwa wakisalimiana nje ya kanisa, Mchungaji Manasseh alimshika Abner mkono akasema, "Mzee Ombui, nimesikia habari za mashine yako. Nimesikia pia habari za povu." Watu waliokuwa karibu walitabasamu. Abner alihisi masikio yakipata moto.

"Mchungaji," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, "njoo kwangu Jumapili ya wiki ijayo. Ule chakula, halafu sahani utakayolia itaoshwa mbele ya macho yako. Usiponyoosha kidole kusema ni safi, mashine hiyo nitaitupa mtoni."

Mchungaji akasema atakuja, na kwamba atakuja na njaa.

Jumatatu alfajiri Abner alipanda baiskeli kwenda Kisii kumtafuta Eliakim Oyoo. Huyu Eliakim alitoka upande wa ziwa, akakaa Kisii miaka mingi akitengeneza kila kitu chenye nati: vinu vya kusaga, malori, saa za ukutani, na mara moja kinanda cha kanisa. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya mto. Hakuwa amewahi kuona mashine ya kuosha vyombo, lakini alipoulizwa kama anaweza kuitengeneza alisema, "Chuma ni chuma," akachukua kisanduku chake cha spana.

Abner hakuwa amemwona mtu huyu kabla ya siku hiyo. Hivyo ndivyo alivyodhani.

Walipofika, Eliakim alimsalimia Bitutu kwa heshima, akamsalimia Mong'ina akimwita shemeji, kisha akaizunguka mashine akiinama na kuinuka. Ghafla akapiga paja.

"Lo! Hii ninaijua! Hii ni ile ya mnada wa yule Mzungu mjenzi wa barabara aliyerudi kwao! Nilikuwepo siku hiyo, nilikuwa ninatafuta jeki. Shemeji, ungekuwepo ungecheka mpaka uombe maji! Hii ilikuwa imefunikwa turubai, huu mkono tu ndio umechungulia nje. Dalali akasema, 'Sasa mashine ya mkono, raha ya akina mama!' Kulikuwa na mzee mmoja mbele. Akainua kofia juu hivi. Wengine wakapanda bei, yeye kofia iko juu. Wakapanda tena, kofia haishuki! Mpaka watu wakakata tamaa wakamwachia. Turubai ilipotolewa, akatazama, akazunguka, akamwuliza dalali, 'Uzi unapita wapi?' Sisi tulicheka, ndugu zangu, tulicheka mpaka..."

Hapo sauti yake ikapungua. Macho yake yalikuwa yameiona kofia ya Abner, ambayo ilining'inia kwenye msumari kando ya mlango.

Abner alikuwa ameinama akiitazama baiskeli yake kama mtu aliyeona tairi inavuja.

"Endelea, shemeji," Mong'ina alisema kwa upole. "Mlicheka mpaka nini?"

"Si sana," alisema Eliakim. "Tulicheka kidogo tu."

Mong'ina alijifunga leso upya kiunoni, akaingia jikoni. Hakufoka wala hakugonga sufuria. Abner angependa agonge sufuria. Alisikiliza kwa muda, akisubiri, na alipoona hakuna kinachokuja alimgeukia fundi.

"Itengeneze," alimwambia kwa sauti ya chini. "Oyoo, itengeneze mashine hii, ama mimi nitakuja kuishi nawe Kisii."

Eliakim alijiona ana deni la ulimi wake, kwa hiyo alifanya kazi kwa bidii. Aliilaza mashine ubavu. Alifungua gia, akaiona nzima, akaipaka mafuta. Alipuliza bomba la kutolea maji mpaka mbegu ya limau ikaruka nje, na kwa muda mfupi wakafurahi wakidhani ugonjwa umepatikana. Haukuwa huo. Alilitoa gurudumu la ndani, ambalo lilikuwa na vijiko vidogo vya chuma pembeni, akalisugua, akalirudisha kama alivyolikuta. Kila alichogusa kilikuwa kizima, na jambo hili lilimuudhi kuliko kama angekuta kimevunjika.

Shida nyingine ni kwamba mashine ya sahani haijaribiwi bila sahani chafu. Kila Eliakim alipokaza nati, Abner alimwita mkewe alete vyombo vichafu. Mong'ina alileta. Alileta vilivyogandiwa na obokima, vilivyogandiwa na uji, na sufuria moja iliyoungua ambayo alikuwa ameificha tangu harusi ya dada yake. Kila jaribio liliposhindwa alisema, "Hivyo bado ni vichafu, nami sina vingine vya kupakulia," akarudi jikoni. Basi Abner na Eliakim wakawa wanachuchumaa verandani mbele ya karai, wanasugua kwa mkono, ili wapate vyombo vya kulia, vichafuke, vijaribiwe.

Jumatano Omwenga alipita akayaona mambo hayo kutoka njiani.

"Abner! Unaosha vyombo?"

"Natengeneza mashine," alijibu Abner, povu likiwa limemfika viwikoni.

Omwenga aliingia uani kutazama. Alisimama kidogo mikono nyuma, kisha akasema kile kikombe hakijatakata mdomoni. Wakamwambia kama anajua sana ajaribu yeye. Akachuchumaa, akajaribu. Ilibainika kwamba ana mkono mzuri.

Ilipofika Ijumaa, Eliakim alitoa uamuzi wake. "Nimechunguza kila mahali. Ugonjwa ni mmoja: nguvu. Mkono wa mtu ni mdogo kwa mashine hii. Maji yanazunguka, lakini hayana hasira." Akatazama huku na huku, macho yakatua kwenye baiskeli.

"Hapana," alisema Abner.

"Pedali zake tu. Na mnyororo."

"Oyoo, hiyo baiskeli nimeinunua kwa jasho langu."

"Mchungaji anakuja lini?"

Kabla Sabato haijaingia jua lilipotua, baiskeli ya Abner ilikuwa imefungwa kwa waya kwenye nguzo ya veranda, gurudumu lake la nyuma liko ndani chini ya kitanda, na mnyororo wake umepita moja kwa moja mpaka kwenye gia ya mashine. Mkono wa kuzungushia ulitolewa. Mtu angekaa juu ya tandiko, akanyage, na mashine ingezunguka kwa kasi ambayo mkono wa mtu hauwezi kuifikia. Jumapili asubuhi Abner alipanda, akanyaga. Mashine ilivuma kama nyuki. Walikuwa wamekiacha kifuniko wazi ili watazame, na maji yalizunguka kwa kasi ya kutisha, lakini hata tone moja halikuruka. Sahani zilipotoka zilikuwa na uchafu wake wote.

Eliakim aliketi juu ya kisanduku chake. Baadaye walishuka mtoni kuoga, kwa sababu mgeni alikuwa karibu na wao walinuka grisi.

Mong'ina alibaki peke yake na mashine. Tangu Jumatatu alikuwa amekatazwa kuisogelea, na tangu Jumatatu alikuwa amekasirika mno hata asitake. Lakini alikuwa amepita hapo mara nyingi na sahani mikononi, na kuna jambo lilimkera. Aliondoa kitundu cha waya, akachungulia ndani. Maji yalikuwa yametolewa, na gurudumu lilionekana vizuri chini. Aliviangalia vile vijiko. Vyote vilikuwa vimeinama kifudifudi, migongo juu.

Mong'ina alikuwa amechota uji, mchuzi na maziwa maisha yake yote, na hakuwahi kumwona mtu anayechota kwa mgongo wa kijiko.

Labda mpishi wa yule Mzungu aliliosha akalirudisha vibaya. Labda lilikuja hivyo kutoka kiwandani. Mong'ina hakujali. Alichukua spana kwenye kisanduku cha Eliakim, akafungua nati, akaligeuza gurudumu vijiko vikatazama juu, akakaza nati kwa nguvu zake zote. Angeweza kuwaambia walipotoka mtoni. Aliliwaza jambo hilo. Kisha akakumbuka habari ya vidole kama mizizi, akaamua mashine iwaambie yenyewe. Akaenda kuchambua mboga.

Mchungaji Manasseh alifika saa saba mchana akiwa na suti yake ya kijivu, ile ya harusi na mazishi, na njaa aliyoahidi. Omwenga alikuja bila kualikwa. Walikula kuku kwa obokima, wakala chinsaga, mboga chungu iliyolala kwenye maziwa mpaka ikaacha uchungu, na Mchungaji akaomba aongezwe. Kisha Abner akasimama, akajisafisha koo.

"Mchungaji, sahani yako."

Wakatoka wote verandani. Abner alipanga sahani kwenye kitundu, ya Mchungaji juu kabisa. Zilikuwa sahani za bati la rangi, ambazo hazivunjiki, na hilo baadaye walimshukuru Mungu kwalo. Eliakim alimimina madebe mawili ya maji ya moto kiasi na sabuni kidogo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kuhukumiwa. Kule mtoni alikuwa amemshauri Abner waahirishe, amwambie Mchungaji kuna kipuri kinatoka Nairobi. Abner alikataa. Alikuwa amepata wazo lake: kama angekanyaga kwa nguvu na kwa muda mrefu kuliko siku zote, labda uchafu ungechoka.

Eliakim aliinua kifuniko akifunge.

"Acha," alisema Abner, akiwa tayari juu ya tandiko. "Mchungaji asije akasema tumefanya kitu ndani kwa siri. Mchungaji, inama hapa, utazame kila kitu."

Mchungaji Manasseh aliinama, mikono magotini, uso juu ya mdomo wa mashine. Bitutu alisogeza kigoda mbele. Abner alivuta pumzi, akakanyaga kwa miguu yote miwili.

Wakati huohuo Mong'ina alitokea jikoni na sinia la ndizi mbivu. Alikiona kifuniko mkononi mwa Eliakim, akauona uso wa Mchungaji ulipo.

"Mchungaji! Ondoka hapo!"

Mchungaji aliinua kichwa kumtazama anayemwita, na jambo hilo halikumsaidia. Maji yaliinuka wima. Yalitoka katika pipa yakiwa nguzo nzima, yakampiga kifuani na kidevuni, yakapanda mpaka kwenye mabati ya veranda na kurudi chini kama mvua, yakiwa na sabuni, mifupa ya kuku na majani ya chinsaga. Sahani ya Mchungaji iliruka ikizunguka, ikapita juu ya kichwa cha Omwenga, ikatua migombani. Nyingine zikaifuata. Eliakim alijikinga kwa kifuniko kama mtu aliye vitani. Naye Abner, ambaye macho alikuwa ameyafumba kwa juhudi, alisikia kelele akadhani ni shangwe, akazidi kukanyaga.

"Simama!" Mong'ina alipiga kelele. "Baba Ondieki, simama!"

Mnyororo ulikatika wenyewe. Mashine ikatoa mlio mrefu, ikanyamaza.

Hakuna aliyesogea. Mchungaji Manasseh alikuwa amesimama wima, maji yanamtiririka kwenye mikono ya koti, na jani moja la mboga limemkaa begani. Abner alifumbua macho. Aliliona jani hilo, akatamani ardhi impokee na baiskeli yake.

Omwenga ndiye aliyetoka migombani akiwa ameshika sahani. Aliigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akapitisha kidole.

"Ni safi," alisema kwa mshangao. "Inateleza kwa usafi. Mchungaji, tazama."

Mchungaji aliipokea sahani, akaitazama kwa muda mrefu. Akanyoosha kidole, kama ilivyokuwa imeahidiwa, akakigusisha katikati.

"Ni safi," alisema.

Bitutu, aliyekuwa amelowa kitambaa cha kichwa, aliangua kicheko. "Mashine hii inafaa," alisema. "Imeosha sahani, imeosha na mchungaji. Mleteni chifu!"

Mchungaji alijaribu kujizuia. Mabega yalianza kumtikisika, jani likaanguka, na akacheka mpaka akashika nguzo. Omwenga akacheka, Eliakim akacheka kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto. Abner aliwatazama mmoja mmoja kutoka juu ya tandiko. Alisubiri aibu ije, ile ya masikio ya moto. Haikuja. Miguu yake ilikuwa bado inakanyaga hewa, polepole, kwa mazoea. Mwishowe naye kikamtoka kicheko kidogo, cha puani kwanza.

Eliakim alikuwa wa kwanza kuchungulia ndani ya pipa. Aliacha kucheka.

"Nani amegeuza gurudumu hili?"

"Mimi," alisema Mong'ina. "Vijiko vilikuwa vimelala kifudifudi."

Eliakim alifikiri, akikuna kidevu. "Kwa hiyo wewe umeondoa ugonjwa," alisema, "na sisi tulikuwa tumeongeza dawa. Shemeji, ungetuambia tungefunga kifuniko."

"Nanyi mngenionyesha ndani tangu Jumatatu," alijibu Mong'ina, "nisingekuwa na la kuwaambia Jumapili." Kisha akaenda kumtafutia Mchungaji shati kavu, na kwa kuwa Abner alikuwa mwembamba, Mchungaji alirudi kwake jioni akiwa amevaa shati lisilofunga vifungo, suti yake ameibeba kwenye kapu.

Wageni walipokwisha kuondoka, Abner alimkuta mkewe akiokota mifupa uani. Aliinama akaokota mfupa mmoja.

"Nilidhani ni charahani," alisema.

"Najua."

"Kofia ilikuwa juu, nikaona aibu kuishusha."

Mong'ina alimtazama. Alitaka kukasirika tena, lakini mumewe alikuwa na kipande cha ndizi kwenye nywele na hakuwa anajua. "Nenda ukaivue baiskeli kwenye nguzo," alimwambia, "kabla mama hajaegemea mnyororo."

Charahani ilikuja baada ya mavuno yaliyofuata. Mong'ina alikwenda kuinunua mwenyewe, na Abner alibaki nyumbani.

Mashine nayo ilirudishiwa mkono wake, na kwa mkono, kifuniko kikiwa kimefungwa, ilifanya kazi bila matata. Kusema kweli haikuokoa muda wowote. Kuchota maji, kuyachemsha, kupanga sahani, kuzungusha na kumwaga kulichukua muda mrefu kuliko karai. Lakini aliyefanya kazi hizo hakuwa Mong'ina. Mashine ni kitu cha wanaume, na wanaume wa kilima kile waliipenda. Jumapili alasiri walikusanyika verandani kwa Abner wakibishana juu ya joto la maji na nani azungushe. Wake zao waliligundua jambo hilo upesi. Mke wa Omwenga alianza kwa kumpa mumewe vikombe viwili ajaribu, akaishia kumjazia kapu zima. Mong'ina aliketi ndani akishona, na aliposikia kelele zimezidi aliwaambia kupitia dirishani wasiharibu majani ya maua.

Mwaka wa pili jino la gia lilivunjika, na hata Eliakim alikiri kwamba hiyo sasa imekufa kweli. Jumapili iliyofuata Omwenga alifika na kapu lake kama kawaida, akakuta pipa limefunguliwa na Abner amekaa kando yake.

"Sasa hivi vyombo nivipeleke wapi?" aliuliza Omwenga. "Siwezi kurudi navyo nyumbani vichafu. Nitamwambia nini?"

Abner aliliangalia kapu, akaangalia njia, ambako wengine wawili walikuwa wanakuja na makapu yao kichwani. Akainuka, akalivuta karai kutoka ukutani.

"Maji ya moto yako tayari," alisema. "Wewe sugua, mimi nitasuuza."